Mizani, Ekseli na Tani 56: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Malori

Maswali haya yanarudi kila wiki, mengi kwa simu, na mengi yanaulizwa lori likiwa limeshaegeshwa pembeni ya mizani na dereva ameshatoka jasho. Majibu yamelenga Tanzania na njia zinazotoka bandari ya Dar es Salaam. Kenya na Zambia zimeguswa pale mzigo unapoelekea huko.

## Misingi

Ni sheria gani inayotumika sasa hivi?

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, pamoja na kanuni zake za 2018. Tanzania ilianza kuitumia tarehe 1 Machi 2019. Kabla ya hapo tulikuwa tunakwenda na kanuni za uzito za mwaka 2001 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, na bado utawakuta madereva wa zamani wanaozitaja kana kwamba zipo. Mizani za barabara kuu zinasimamiwa na TANROADS, Wakala wa Barabara. Usahihi wa mizani zenyewe unahakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Gari langu ni dogo. Nalo liingie mizani?

Mstari umechorwa kwenye tani 3.5. Gari lenye uzito wa jumla wa tani 3.5 na kuendelea linaingia. Kwa hiyo Fuso ya mkaa inaingia, kirikuu cha mboga hakiingii.

Hata likiwa tupu?

Hata likiwa tupu. Sheria haiangalii kama umebeba, inaangalia gari ni la uzito gani. Dereva anayepitiliza mizani kwa kuwa "tela halina kitu" anajitafutia kosa la kukwepa mizani, na hilo ni zito kuliko kuzidisha kilo mia chache.

Kikomo ni tani ngapi?

Tani 56 kwa gari na mzigo wake, na ekseli, yaani mihimili inayoshika tairi, zisizidi saba. Lakini namba hiyo ndiyo inayopotosha watu wengi, kwa sababu si kila lori linaruhusiwa kuifikia. Kinachotangulia ni kikomo cha kila ekseli au kundi la ekseli:

- ekseli ya mbele ya usukani, tairi mbili: tani 8
- ekseli moja yenye tairi nne: tani 10
- ekseli mbili pamoja, tairi nane: tani 18
- ekseli tatu pamoja, tairi kumi na mbili: tani 24

Jumlisha za gari lako, ndipo upate kikomo chako. Tandam ya kawaida, ekseli moja mbele na mbili nyuma, ni 8 + 18, yaani tani 26. Semi, kichwa na tela lililokiegemea, ya ekseli sita ni 8 + 18 + 24, yaani 50. Pulingi, lori linalovuta tela, ya ekseli sita, tela lake likiwa na moja mbele na mbili nyuma, ni 8 + 18 + 10 + 18, yaani 54. Interlinki, kichwa chenye matela mawili, ya ekseli saba hesabu yake inafika 62, ila sheria inakufungia kwenye 56.

Kwa nini wanahangaika na ekseli badala ya uzito wote?

Kwa sababu lami haibebi lori zima kwa mkupuo. Inabeba kila ekseli inapopita. Kati ya 1958 na 1960 Wamarekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, Illinois, wakapitisha malori mchana na usiku hadi lami ikavunjika, ili wajue kinachoiua ni nini. Waliloliona linatumiwa na wahandisi hadi leo: uharibifu unapanda karibu kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ukiweka tani 12 kwenye ekseli ya tani 10, hujaharibu zaidi kwa moja ya tano. Umeharibu maradufu. Ukiweka tani 20, umeharibu mara 16.

Ndiyo maana lori la tani 56 lililotawanya uzito kwenye ekseli saba linaweza kuwa rafiki wa barabara kuliko tipa la mchanga la ekseli tatu lililojazwa hadi kichuguu. Mifereji ile ya tairi unayoiona kwenye milima, malori yanakopanda taratibu, haikuchimbwa na magari madogo.

## Hesabu ya ekseli

Semi yangu ya ekseli sita inabeba mzigo wa tani ngapi?

Kikomo ni 50. Toa uzito wa gari tupu. Kichwa na tela la kawaida huwa tani 15 hadi 17, kwa hiyo unabaki na mzigo wa tani 33 hadi 35. Usikisie. Lipime tupu siku moja, tangi likiwa limejaa, utingo na vyombo vyake vya kupikia vikiwemo, na uandike namba hiyo ndani ya mlango. Tangi la lita 800 likijaa dizeli ni karibu kilo 670, na uzito huo wote unakaa kwenye kichwa.

Jumla yangu ilikuwa tani 47 na ushei, chini kabisa ya 50. Mbona nimekamatwa?

Hili ndilo swali la kwanza kwa wingi. Jumla ni moja ya vipimo vinne kwenye cheti chako cha mizani, na huenda ndicho kilichokuwa salama.

Tuchukue mfano wenye namba. Semi tupu ni tani 16.5: kichwa kinabeba 11, ekseli tatu za tela zinabeba 5.5. Umepakia tani 31. Jumla ni 47.5, safi. Lakini vijana wa kupakia walianza kupanga nyuma, karibu na mlango, kwa kuwa ndiko walikosimama, wakaacha uwazi mbele. Tani 20 kati ya 31 zikaangukia ekseli za tela. Ongeza 5.5 za tela lenyewe: 25.5 kwenye kundi la 24. Umezidi tani moja na nusu, wakati kichwani bado una nafasi ya tani 4 inayokaa bure.

Dawa yake si kushusha mzigo. Ni kuusogeza. Kutoka kingipini, pini inayounganisha tela na kichwa, hadi ekseli ya katikati ya tela ni kama mita 8. Ukiusogeza mzigo wote mbele kwa nusu mita, unahamisha moja ya kumi na sita ya uzito wake, karibu tani 2, kutoka kwenye tela kwenda kichwani. Tela linashuka hadi 23.6 na unaondoka. Kazi hiyo ikifanyika ghalani ni dakika chache za maneno. Ikifanyika kwenye mizani ya Vigwaza juani, na vibarua wa pale wanaojua kabisa kwamba huna pa kukimbilia, bei wanapanga wao.

Asilimia 5 si inaruhusiwa?

Ipo, lakini si yako ya kupakia. Ni nafasi iliyowekwa kwenye ekseli kwa sababu mizani haikosi tofauti ndogo, na mzigo husogea njiani. Kwenye ekseli ya tani 10 ni kilo 500, kwenye kundi la 18 ni kilo 900, kwenye kundi la 24 ni tani 1.2. Yule wa tani 25.5 hapo juu haikumwokoa.

Historia yake ina kelele. Oktoba 2013 waziri wa ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, aliifuta nafasi hiyo akisema wasafirishaji wameigeuza kuwa mzigo wa kudumu. Malori yakagoma, foleni zikajaa kwenye mizani, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaingilia kati na kuirudisha. Kwa maoni yangu Magufuli alikosea namna ya kuiondoa lakini hakukosea kuhusu tabia: wengi walikuwa wanapiga hesabu ya mzigo wakianzia kwenye asilimia 105. Wapo hadi leo. Ukipakia hivyo, mvua moja juu ya turubai inakuweka pembeni. Na usitegemee kabisa asilimia hiyo ikuvushe juu ya tani 56.

Nikifunga tairi pana moja moja badala ya mbili mbili, kikomo kinabaki kilekile?

Hapana, kinashuka. Tairi ya supasingo inakanyaga eneo dogo kuliko tairi mbili, na sheria imeipa kikomo cha chini. Jedwali la hapo juu ni la tairi mbili mbili. Ukinunua tela lililotumika Ulaya, angalia tairi kabla ya kuangalia rangi.

Tela langu lina ekseli ya kuinua. Inahesabiwaje?

Ikiwa juu, haipo. Uzito wake unakwenda kwa jirani zake, nao wanapimwa kwa kikomo cha ekseli zilizogusa chini. Ishushe kabla ya kuingia kwenye eneo la mizani, na uhakikishe mfuko wake wa upepo unashika kweli. Ekseli iliyoteremka bila kubeba ni pambo tu.

## Kupakia

Nahesabu gunia, na gunia ni kilo 100. Kwa nini hesabu hainyooki?

Lumbesa. Gunia 300 za kilo 100 ni tani 30, gari linapita. Gunia 300 zilizofungwa kilemba cha kilo 120 ni tani 36, na hapo hata kusogeza hakusaidii. Vitunguu na viazi ndivyo vinavyoongoza. Lumbesa ni kosa chini ya sheria ya vipimo pia, lakini mwenye lori ndiye anayekutana nayo kwenye mizani. Pima gunia kumi ovyo ovyo kabla ya kupakia, uchukue wastani.

Saruji haina tatizo hili: mifuko 20 ni tani moja, basi.

Kontena limefungwa na lina lakiri. Nitajuaje uzito?

Tangu 1 Julai 2016 kontena halipandi meli bila uzito wake kuthibitishwa, kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini. Kwa hiyo karatasi ya uzito ipo, iulize kwa wakala wako wa forodha kabla gari halijaingia bandarini.

Mahali pa kuliweka ndipo penye mtego. Kontena la futi 20 linaweza kuwa na tani 30 kamili. Juu ya semi ya tani 16 jumla ni 46, inaruhusiwa. Ukiliweka mwisho wa tela ili lishuke kirahisi, tela limekwisha. Weka katikati, na uamue hivyo mapema, maana kontena lenye lakiri ya forodha hulifungui njiani kupunguza. Ukibeba mawili ya futi 20 kwenye semi hiyo, mgao wako ni karibu tani 17 kwa kila moja, kontena lenyewe likiwemo.

Tangi langu ni la lita 40,000. Kwa nini petroli inapita na dizeli inakaba?

Lita si kilo. Lita 40,000 za petroli ni karibu tani 29.6, za dizeli ni karibu 33.6. Tofauti ya tani 4 kwa tangi lilelile. Na ukishusha chumba kimoja njiani, usishushe cha mbele kabla ya cha nyuma bila kupiga hesabu: jumla itapungua na tela linaweza kubaki lilivyokuwa, hivyo ekseli iliyokuwa imebana haipati nafuu yoyote.

Tipa langu lina sanduku la mita za ujazo 15. Si limetengenezwa libebe hivyo?

Limetengenezwa libebe mita 15 za kitu chepesi. Tandam ina kikomo cha 26, tipa tupu ni kama 11, unabaki na tani 15. Mchanga mkavu ni karibu tani 1.6 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo umefika kwenye mita 9. Mchanga uliolowa, mita 8 hazitimii. Ukijaza sanduku umebeba tani 24 kwenye nafasi ya 15.

## Kwenye mizani

Mizani mbili zimesoma tofauti siku hiyohiyo. Ipi ya kuamini?

Mara nyingi zote mbili. Ukikanyaga breki gari likiwa juu ya sahani, uzito unakimbilia mbele. Springi iliyokwama au mfuko wa upepo uliovuja unabebesha ekseli moja na kuipunguzia nyingine. Mafuta yanacheza ndani ya tangi, tope linakauka chini ya tela, turubai linakunywa maji. Ingia taratibu, simama bila kukanyaga kwa nguvu, achia breki ukiambiwa. Ukiona kipimo hakieleweki, omba kurudia hapohapo, kwa adabu, kabla cheti hakijachapishwa.

Vigwaza kuna mizani inayopima gari likiwa kwenye mwendo. Hiyo ni ya kuchuja tu: likionyesha dalili ya kuzidi, linaelekezwa kwenye mizani ya kusimama, na kipimo cha hapo ndicho cha kisheria.

Faini inahesabiwaje?

Inaangaliwa ziada ya ekseli na ziada ya jumla, na unatozwa ile inayotoa kiasi kikubwa, si zote mbili. Viwango vimewekwa kwa dola za Marekani na vinapanda kwa kasi kadiri ziada inavyokua, kwa mantiki ileile ya kipeo cha nne. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo. Anayekuambia kuna njia fupi ya mkononi anakuuzia tatizo la mizani inayofuata.

Nikishalipa, naendelea na mzigo wangu?

Hapana. Unalipa, halafu unapanga upya au unashusha ziada, halafu unapima tena. Gharama ya kushusha, kulinda na kutafuta gari la pili ni yako. Mara nyingi gharama hizo zinaizidi faini.

Mwenye mzigo ndiye aliyedanganya uzito. Nani analipa?

Pale mizani, anayelipa ni anayetaka gari lake liondoke. Ugomvi wa nani alidanganya unaamuliwa na karatasi. Andika kwenye mkataba uzito uliotajwa na mwenye mzigo, na kwamba ziada ya jumla ni yake ila ziada ya ekseli iliyotokana na upangaji ni ya aliyepanga. Hii ya pili wasafirishaji huisahau.

Mabasi nayo yanapimwa kwa nini?

Basi la ekseli mbili lina kikomo cha 18, na ekseli yake ya nyuma inabeba injini, buti na abiria wa nyuma kwa pamoja. Ndiyo maana unaona kondakta anawaomba abiria wa viti vya mwisho wasogee mbele wakati wa kupima. Abiria mmoja anagoma kwa kuwa ameshavua viatu. Tatizo halisi ni mchele wa magunia kwenye buti, na huo hausogei.

## Urefu, kimo na mizigo ya ajabu

Lori linaruhusiwa urefu gani?

Lori lisilo na tela, mita 12.5. Gari na tela lake la kuvutwa, au interlinki, mita 22. Nondo au nguzo zinazoning'inia nyuma zinahesabiwa.

Kontena refu la kwenda juu lina shida?

Kontena hilo lina kimo cha karibu mita 2.9. Likikaa kwenye tela la kawaida lenye sakafu ya mita 1.5, unafika 4.4. Tela la mifupa lenye sakafu ya chini linakupunguzia. Pima kwa futikamba kabla ya kuondoka, na uchunge zaidi nyaya za umeme za mitaani na lango la ghala kuliko madaraja ya barabara kuu.

Nina ekskaveta au transfoma. Nifanyeje?

Mzigo usiogawanyika unaombewa kibali maalumu, TANROADS kwa upande wa Tanzania, KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, kwa upande wa Kenya. Kibali hutaja gari, njia na masharti, kwa kawaida safari za mchana na gari la kusindikiza. Omba mapema, kwa kuwa mhandisi anaweza kulazimika kuangalia madaraja ya njia hiyo. Mzigo unaogawanyika, hata ukiwa wa haraka namna gani, haupewi kibali cha namna hii: nondo tani 60 ni safari mbili.

## Nje ya barabara kuu, na ng'ambo ya mpaka

Kibao cha tani 10 kwenye barabara ya kijijini kinanihusu?

Kinakuhusu kuliko tani 56. Barabara nyingi za wilaya ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na hazikujengwa kwa semi. Kikomo cha kibao cha barabara au daraja kinashinda kikomo cha gari lako. Hamishia mzigo kwenye magari madogo penye lami.

Kwenda Kenya kuna tofauti?

Sheria ni ileile ya Jumuiya, na jedwali la ekseli ni lile la hapo juu. Kwa mzigo wa Mombasa tarajia mizani za Mariakani, kisha Mlolongo, Gilgil na Webuye kama unaelekea Malaba. Mafuta na kontena, tazama majibu yake hapo juu.

Na kupitia Tunduma kwenda Zambia na Kongo?

Zambia ina sheria yake, ila kikomo cha jumla ni tani 56 vilevile. Ukishavuka Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, utapimwa Mpika na Kapiri Mposhi kabla ya kufika Kasumbalesa, mpaka wa Kongo.

Kurudi ndiko kwenye mtego. Shaba ni nzito na haionekani: tani 30 zake zinakaa mafungu machache chini kabisa ya tela, huku macho yakikuambia gari ni nusu tupu. Fungu moja huwa na uzito wa tani 2 na kitu. Ukiliweka mita moja pasipo pake, uzito wa ekseli umebadilika. Pangeni mafungu kwa umbali uliopimwa kutoka kingipini, yafungwe minyororo yasiteleze mteremkoni, na dereva aondoke na mchoro wa mpangilio, ili akisogezewa mzigo njiani ajue ulikuwa wapi.